Uingiliaji katika besiboli: Kanuni moja, waamuzi wawili, hukumu mbili

Na Mwandishi Wetu

TIMU ya Chicago White Sox ilikuwa nyuma kwa pointi 8-6 dhidi ya Baltimore Orioles usiku wa Mei 23, 2024. Ulikuwa mzunguko wa tisa, yaani wa mwisho. White Sox walikuwa na wachezaji wawili vituoni na mmoja tu alikuwa ametolewa, hivyo matumaini ya kusawazisha yalikuwa bado hai.

Mpigaji Andrew Benintendi aliupiga mpira ukapaa juu, ndani ya eneo la vituo. Gunnar Henderson wa Orioles alijipanga chini yake na kuudaka. Lakini badala ya White Sox kuhesabiwa mtu wa pili kutolewa na kuendelea na mchezo, mwamuzi Junior Valentine alitangaza kuwa Andrew Vaughn, aliyekuwa akirudi kwenye kituo cha pili, amemwingilia Henderson alipokuwa akiufuata mpira. Vaughn naye akatolewa. Hao wakawa watu watatu, na mchezo ukaishia hapo.

Waamuzi wa mchezo huo walieleza baadaye kuwa kanuni haiwataki watazame nia ya mkimbiaji. Akimkwaza mlinzi anayeufuata mpira uliopigwa, ni kosa, hata kama hakukusudia. Hata hivyo, vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa siku iliyofuata uongozi wa Ligi Kuu ya Besiboli ya nchi hiyo, MLB, uliiarifu White Sox kuwa waamuzi wana hiari katika jambo hilo, na kwamba haikuwa lazima kosa hilo litangazwe.

Kwa maneno mengine, waamuzi waliona kanuni haiwaachi na chaguo, na wasimamizi wao wakaona chaguo lilikuwapo. Wote wawili walikuwa wakisoma kitabu kimoja.

Mvutano huo si mpya. Kwa karibu nusu karne, maamuzi yanayohusu uingiliaji yamezua mabishano makali zaidi katika mchezo huo wa gongo na mpira, na baadhi yake yametokea katika fainali zinazotazamwa na mamilioni ya watu. Ukiyachunguza kwa makini, utaona kuwa mara nyingi wabishani hukubaliana juu ya kilichotokea uwanjani. Wasichokubaliana ni kile ambacho kanuni inamtaka mwamuzi akiangalie.

Njia moja, watu wawili

Ili kuuelewa ubishi huo ni vyema kufahamu mchezo wenyewe unavyochezwa. Timu moja hupiga, nyingine hulinda. Mrushaji wa timu inayolinda humrushia mpira mpigaji. Akiupiga, hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, na hatimaye kituo cha nyumbani, ambako hupata pointi. Kila kituo kiko umbali wa meta 27.4 kutoka kingine. Walinzi nao hujitahidi kuudaka mpira na kuufikisha kituoni kabla ya mkimbiaji. Watu watatu wa timu inayopiga wakitolewa, timu hubadilishana zamu.

Tatizo linaanzia hapo. Mkimbiaji na mlinzi hutumia ardhi moja kwa wakati mmoja. Mkimbiaji anakifuata kituo, mlinzi anaufuata mpira, na mara nyingi mpira na kituo viko upande uleule.

Kitabu cha kanuni kimegawa haki. Mlinzi anayeufuata mpira uliotoka kwenye gongo ana haki ya njia, na mkimbiaji hana budi kumpisha. Akimkwaza, kosa hilo huitwa uingiliaji, na kwa kawaida mkimbiaji hutolewa. Kwa upande mwingine, mlinzi asiye na mpira na asiyeufuata mpira haruhusiwi kusimama kwenye njia ya mkimbiaji. Akifanya hivyo, kosa ni la kuziba njia, na mkimbiaji hupewa kituo ambacho mwamuzi anaona angekifikia.

Mbali na wakimbiaji, kitabu kinataja uingiliaji wa aina nyingine tatu. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji anaweza kuligusa gongo kwa glavu yake na kumharibia mpigaji. Mwamuzi mwenyewe anaweza kumkwaza mdakaji anayerusha mpira, au kugongwa na mpira uliopigwa kabla haujampita mlinzi. Mtazamaji naye anaweza kunyoosha mkono kutoka jukwaani na kuugusa mpira ambao bado unachezwa.

Yote hayo yanaonekana kuwa wazi yakisomwa mezani. Uwanjani, ambako tukio zima humalizika kwa sekunde moja au mbili, mambo huwa mengine.

Suala la nia

Mzizi wa kwanza wa mabishano ni nia. Kwa mpira uliopigwa kwa gongo, kanuni haiulizi kama mkimbiaji alikusudia kumkwaza mlinzi. Kwa mpira uliorushwa na mlinzi mmoja kwenda kwa mwenzake, kanuni inaulizia nia. Mkimbiaji aliyegongwa na mpira wa namna hiyo kwa bahati mbaya hana kosa. Akiuzuia kwa makusudi, anatolewa.

Wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki watalitambua tatizo hilo mara moja. Ni sawa na ule ubishi usiokwisha wa mpira ulioguswa kwa mkono ndani ya eneo la penalti: je, mkono uliufuata mpira, au mpira uliufuata mkono? Mwamuzi hana chombo cha kupimia moyo wa mtu. Anachoweza kukiona ni mwili tu.

Mfano mashuhuri ulitokea Oktoba 14, 1978, katika mchezo wa nne wa fainali za World Series mjini New York. Los Angeles Dodgers walikuwa wakiongoza michezo 2-1 dhidi ya New York Yankees, na katika mchezo huo walikuwa mbele kwa pointi 3-1 kwenye mzunguko wa sita.

Lou Piniella wa Yankees aliupiga mpira kumwelekea Bill Russell wa Dodgers. Russell aliuangusha, akauokota, akakanyaga kituo cha pili na kumtoa Reggie Jackson, kisha akaurusha mpira kituo cha kwanza ili amtoe na Piniella. Jackson alikuwa amesimama katikati ya njia. Mpira ulimgonga nyonga na kutoka nje ya lengo, na mchezaji mwenzake, Thurman Munson, akakimbia hadi nyumbani na kupata pointi.

Dodgers walidai Jackson aliisogeza nyonga yake kwa makusudi. Kocha wao mkuu, Tommy Lasorda, aliwabana waamuzi kwa muda mrefu. Frank Pulli, aliyekuwa mwamuzi wa kituo cha kwanza, hakuona kusudi lolote, na uamuzi ukabaki. Yankees walishinda 4-3 katika mzunguko wa kumi, wakasawazisha michezo kuwa 2-2, kisha wakashinda miwili iliyofuata na kutwaa ubingwa.

Jambo linalowagawa wachambuzi hadi leo ni kwamba Jackson alikuwa amekwisha kutolewa kabla ya kugongwa. Kitabu kina kifungu cha mchezaji aliyetolewa ambaye bado anakwaza jitihada za walinzi dhidi ya mwenzake, na kifungu hicho hakitaji nia. Kifungu cha mpira uliorushwa kinaitaja. Mwamuzi anayekitanguliza kifungu cha kwanza anaweza kumhukumu Jackson kwa kusimama pale tu. Anayekitanguliza cha pili atataka kwanza aone kuwa alikusudia. Wapo pia wanaoona kuwa mtu aliyetolewa hawezi kutoweka uwanjani kama moshi, hivyo kusimama alipokuwa si kosa.

Picha za televisheni zimerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Wanaoona nyonga ikisogea wanaiona, na wanaoona mtu akijaribu kuukwepa mpira wanaliona hilo pia.

Agizo ambalo mashabiki hawakulijua

Miaka mitatu kabla ya tukio hilo, fainali nyingine ilikuwa imetikiswa na uamuzi wa aina hiyo, na safari hii chanzo hakikuwa nia peke yake.

Oktoba 14, 1975, Cincinnati Reds na Boston Red Sox walikuwa sare ya 5-5 katika mzunguko wa kumi wa mchezo wa tatu mjini Cincinnati. Ed Armbrister wa Reds aliugusa mpira kwa gongo taratibu, ukadunda mbele ya kituo cha nyumbani. Badala ya kukimbia mara moja alisita, na mdakaji wa Red Sox, Carlton Fisk, alipojitokeza kuuchukua mpira wakagongana. Fisk aliupata, lakini alipourusha kituo cha pili ulipitiliza hadi uwanja wa kati. Cesar Geronimo akafika kituo cha tatu, Armbrister akafika cha pili, na muda mfupi baadaye Joe Morgan akapiga pigo la ushindi. Reds walishinda 6-5.

Red Sox walidai Armbrister alipaswa kutolewa na Geronimo arudishwe kituo cha kwanza. Kwa jinsi kanuni ilivyosomeka, hoja yao ilikuwa na uzito: mlinzi anayeufuata mpira uliopigwa ana haki ya njia, na nia si hoja. Mwamuzi wa kituo cha nyumbani, Larry Barnett, alikataa. Kwake yeye ulikuwa mgongano wa watu wawili, kila mmoja akifanya kazi yake.

Baadaye ilifahamika kuwa waamuzi walikuwa na maelekezo ya ziada kuhusu hali hiyo hasa. Maelekezo hayo yalisema kuwa mdakaji na mpigaji wanapogusana wakati mmoja anautafuta mpira na mwingine anaanza kukimbia, kwa kawaida hakuna kosa la upande wowote. Hayakuwamo katika kitabu kilichokuwa mikononi mwa wachezaji, makocha na waandishi wa habari. Siku hizi yamechapishwa kama maelezo chini ya kanuni.

Barnett alilipa gharama kubwa. Alipokea vitisho vya kuuawa, na jina lake likawa la kulaaniwa mjini Boston kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa Red Sox waliupoteza ubingwa huo kwa michezo 4-3.

Tukio hilo lina funzo linalovuka mipaka ya michezo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno ambao meno yake mengine yamefichwa humkata mtu asiyejua kuwa yapo. Barnett huenda alifuata alichoagizwa, lakini walioumizwa na uamuzi wake hawakuwa na njia ya kulijua hilo.

Njia ya kituo cha kwanza

Kama kuna kifungu kimoja kilichowakera wakimbiaji, makocha na waamuzi kwa pamoja, ni kile cha njia ya kwenda kituo cha kwanza.

Kwa miongo mingi kanuni ilisema kuwa katika nusu ya pili ya safari hiyo, yaani meta 13.7 za mwisho, mpigaji akimbie ndani ya njia yenye upana wa sentimeta 91 iliyochorwa upande wa kulia wa mstari, nje ya uwanja halali. Asipokuwa ndani ya njia hiyo, na mwamuzi akaona amemkwaza mlinzi anayepokea mpira kituoni, anatolewa.

Ugumu uko katika jiometria. Njia iko nje ya mstari, lakini kituo chenyewe kiko ndani ya mstari. Kwa hiyo hata mkimbiaji mtiifu hana budi kutoka kwenye njia mwishoni ili akanyage kituo. Aidha, wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, nao husimama upande wa kushoto wa kituo cha nyumbani. Kwao njia fupi ya kwenda kituo cha kwanza ni ya moja kwa moja, ndani ya mstari.

Oktoba 29, 2019, katika mchezo wa sita wa World Series mjini Houston, kifungu hicho kilimnasa Trea Turner wa Washington Nationals. Timu yake ilikuwa mbele kwa 3-2 katika mzunguko wa saba dhidi ya Houston Astros, na mwenzake Yan Gomes alikuwa kituo cha kwanza. Turner aliupiga mpira taratibu, mrushaji Brad Peacock akauokota na kuurusha kwa Yuli Gurriel kituo cha kwanza. Mpira na Turner walifika pamoja, mpira ukamgonga na kupotea. Gomes na Turner wakaendelea mbele.

Mwamuzi wa kituo cha nyumbani, Sam Holbrook, alimtoa Turner kwa kosa la uingiliaji na kumrudisha Gomes kituo cha kwanza. Mchezo ulisimama kwa dakika kadhaa huku waamuzi wakiwasiliana na kituo chao cha New York. Kocha mkuu wa Nationals, Dave Martinez, hakutulia. Mwisho wa nusu hiyo ya mzunguko alifukuzwa uwanjani, akawa kocha mkuu wa kwanza kufukuzwa katika World Series tangu mwaka 1996.

Joe Torre, aliyekuwa ofisa wa juu wa masuala ya mchezo wa MLB, aliwatetea waamuzi usiku huohuo. Alieleza kuwa kosa lililohukumiwa halikuwa kukimbia nje ya njia peke yake, bali kumzuia Gurriel kuupokea mpira. Alisema pia kuwa huo ni uamuzi unaotegemea maoni ya mwamuzi, hivyo haukuweza kukatiwa rufaa.

Waliompinga Holbrook walikuwa na hoja mbili. Kwanza, Turner alikimbia mstari ulionyooka kutoka alipopigia hadi kituoni, na alipogongwa alikuwa akikikanyaga kituo. Pili, mpira wa Peacock haukurushwa vizuri. Waamuzi wengi hufundishwa kuwa mpira uliorushwa sharti uwe wa kiwango ambacho kingeweza kumtoa mkimbiaji, la sivyo mlinzi angejinufaisha kwa kumlenga mkimbiaji mgongoni. Lakini kiwango hicho ni kipi? Mwamuzi mmoja akiona mpira ungeweza kudakwa, mwingine anaona ulikuwa umepotea tangu mkononi mwa aliyeurusha.

Nationals waliepuka majuto. Baada ya uamuzi huo Anthony Rendon aliupiga mpira ukavuka uzio na kuleta pointi mbili. Walishinda 7-2, na usiku uliofuata wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Lakini hoja haikufa. Kuanzia msimu wa 2024, MLB iliipanua njia ya mkimbiaji hadi kwenye ukingo wa nyasi za ndani, ikaongeza eneo la udongo lenye upana wa kati ya sentimeta 46 na 61 upande wa ndani wa mstari. Kukimbia kama Turner kukawa halali kwa kiasi kikubwa.

Hivyo, uamuzi ambao ligi iliutetea mwaka 2019 kuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni ulifuatwa na kanuni mpya. Hayo mawili hayapingani. Mwamuzi anaweza kuwa sahihi na kanuni ikawa mbaya.

Waamuzi wanapotofautiana uwanjani

Kitabu kimeweka utaratibu kwa ajili ya waamuzi wanaopingana. Mwamuzi haruhusiwi kukosoa au kutaka kutengua uamuzi wa mwenzake, isipokuwa kama aliyetoa uamuzi ameomba ushauri. Na iwapo waamuzi wawili wametoa maamuzi tofauti juu ya tukio moja, mwamuzi mkuu hukusanya wenzake wote, bila kocha wala mchezaji kuwapo, kisha huamua upi usimame. Anachozingatia ni nani alikuwa mahali pazuri zaidi pa kuona, na uamuzi upi una uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi.

Utaratibu huo ulifanya kazi Oktoba 19, 2004, mjini New York. Boston Red Sox walikuwa mbele kwa 4-2 dhidi ya Yankees katika mzunguko wa nane wa mchezo wa sita wa nusu fainali. Alex Rodriguez aliupiga mpira taratibu, mrushaji Bronson Arroyo akauokota na kwenda kumgusa nao. Mpira ukaruka kutoka kwenye glavu yake, Derek Jeter akakimbia hadi nyumbani, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Mwamuzi wa kituo cha kwanza, Randy Marsh, hakuona kosa, kwani wachezaji walikuwa wamemkinga. Waamuzi sita walikusanyika. Joe West, aliyekuwa kituo cha nyumbani, alikuwa ameona kitu kingine: Rodriguez alikuwa ameupiga kofi mkono wa Arroyo. Marsh akabadili uamuzi, Rodriguez akatolewa, Jeter akarudishwa kituo cha kwanza na pointi ikafutwa. Mashabiki walirusha vitu uwanjani, na baadaye polisi wa kutuliza ghasia wakapangwa kando ya uwanja.

Red Sox walishinda 4-2, wakashinda mchezo wa saba, na hatimaye wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu mwaka 1918. Kama Marsh angeshikilia alichokiona yeye peke yake, huenda historia ingekuwa nyingine.

Mkono kutoka jukwaani

Watazamaji nao wamewaingiza waamuzi matatani. Oktoba 9, 1996, mjini New York, mtoto wa miaka 12 alinyoosha glavu yake juu ya ukuta na kuuvutia ndani mpira uliopigwa na Jeter, huku Tony Tarasco wa Orioles akijiandaa kuudaka. Mwamuzi Rich Garcia alitoa pigo halali la kuvuka ukuta, na mchezo ukawa sare ya 4-4. Yankees walishinda 5-4 katika mzunguko wa 11. Garcia alipoona picha za marudio baada ya mchezo alikiri kuwa mtazamaji aliuingilia mpira. Uamuzi haukubadilika.

Kanuni hapa inategemea ukuta. Mtazamaji akinyoosha mkono kuingia uwanjani, ameingilia. Mchezaji akinyoosha mkono kuingia jukwaani, amejitakia mwenyewe. Lakini ukuta hauna urefu wa kwenda mbinguni, na mwamuzi hulazimika kuuendeleza kwa mawazo hewani.

Oktoba 17, 2018, mjini Houston, teknolojia ilikuwapo, na bado haikutosha. Mookie Betts wa Red Sox aliruka kuudaka mpira wa Jose Altuve wa Astros, glavu yake ikagongana na mikono ya mashabiki. Joe West alitangaza uingiliaji na Altuve akatolewa. Waliokagua video wakiwa New York hawakupata picha iliyoonyesha bila shaka glavu ilikuwa upande gani wa ukuta, na kwa hiyo uamuzi wa West ukabaki. Astros walishindwa kwa pointi mbili, 8-6.

Je, video itamaliza ubishi?

Ukaguzi wa video ulipanuliwa katika MLB mwaka 2014. Baadhi ya mambo yamefunguliwa kwa ukaguzi huo, yakiwamo uingiliaji wa watazamaji na kanuni ya mwaka 2016 inayomtaka mkimbiaji anayejitupa kuelekea kituoni akifuate kituo kwa dhati. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya Chase Utley wa Dodgers kumvunja mguu Ruben Tejada wa New York Mets mwaka 2015.

Hata hivyo, hukumu inayotegemea maoni ya mwamuzi kuhusu nia au kiwango cha mpira kurushwa, kama ile ya Turner, iliachwa nje. Na kuanzia mwaka 2020, kitabu cha MLB kiliondoa kabisa haki ya timu kuwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya matokeo ya mchezo, hata pale inapodai kuwa mwamuzi ametafsiri kanuni vibaya.

Palipoandikwa sharti moja lililo wazi, waamuzi hupata kinga. Mwaka 2013, mchezo wa tatu wa World Series mjini St. Louis uliisha kwa uamuzi wa kuziba njia, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali hizo. Allen Craig wa Cardinals alijikwaa juu ya Will Middlebrooks wa Red Sox, aliyekuwa amelala chini baada ya kuukosa mpira. Jim Joyce alitangaza kosa papo hapo, na mwenzake Dana DeMuth akampa Craig pointi ya ushindi wa 5-4. Red Sox walilalamika kuwa Middlebrooks hakukusudia na hakuwa na pa kwenda. Waamuzi walijibu kuwa kifungu hakitaji nia. Mabishano yalidumu, lakini wote walijua maneno ya kanuni.

Suala hilo linagusa pia viwanja visivyo na kamera. Uganda, ambayo timu yake ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki fainali za dunia za Little League mwaka 2012, ni miongoni mwa nchi ambako vijana wanaendelea kuujifunza mchezo huu. Kwenye michezo ya watoto waamuzi huwa wachache, na hakuna chumba cha video cha kukimbilia. Kilichoandikwa, na jinsi mwamuzi alivyofundishwa kukisoma, ndicho chote kilichopo.

Matukio haya yanaonyesha kuwa waamuzi wa besiboli wamegawanyika katika kambi mbili. Wapo wanaosema kazi yao ni kutekeleza neno lililoandikwa hata kama matokeo yanauma, kwa kuwa mwamuzi anayechagua lini kanuni itumike anageuka kuwa mchezaji wa upande mmoja. Wapo wanaosema kanuni ilitungwa kulinda haki ya mchezo, na mkimbiaji ambaye hakumharibia mtu chochote, kama Vaughn ambaye mpira ulidakwa hata hivyo, hapaswi kuhukumiwa kwa kuwapo mahali tu.

Besiboli haijaziunganisha kambi hizo. Kilichowahi kupunguza ugomvi, kuanzia maelekezo yaliyofichika ya 1975 hadi njia iliyopanuliwa mwaka 2024, ni hatua moja ya kawaida: kuyaandika yale ambayo waamuzi walikuwa wakiambizana wao kwa wao, ili mkimbiaji naye ayajue kabla hajaanza kukimbia.